Viini Viwili na Kiti cha Tano

Jumapili, 8 Machi

Kiti cha tano kiko wazi. Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niione vizuri, maana tangu nirudi kutoka Kisii siwezi kutulia mahali pamoja. Nimechota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nimemfungulia ndama, nikamrudisha, nikamfungulia tena. Mama ameniuliza kama nimeingiliwa na siafu.

Habari yenyewe ni hii. Farhiya ana ukumbi wa gemu nyuma ya duka la nguo la babake, Mzee Abdirahim, pale Kisii mjini. Timu yake ni ya watu watano na wanacheza ile gemu ya ngome: watano huku, watano kule, kila upande una ngome yake, na mwishowe wote kumi wanakutana mlangoni wanamalizana. Mwezi wa tano kuna mashindano Kisumu. Mchezaji wake mmoja amepata kazi Mombasa, ameenda zake.

"Tarehe tatu mwezi wa tano nachagua mtu," Farhiya alitutangazia. "Kila mtu aje na mashine yake, juu Kisumu hawapeani. Na isikuwe ya kukwama-kwama. Mimi sibebi mtu mgongoni."

Tunaokitaka kiti hicho ni wawili. Wa kwanza ni Masese, ambaye mamake ana duka la dawa Nyamira mjini na amemnunulia leptopu. Wa pili ni mimi, na kompyuta aliyoniachia kaka yangu Mose alipohamia Nairobi. Prosesa yake, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni ya bei ya chini kabisa. Ina viini viwili tu, yaani ni kama vibarua wawili wanaogawana kazi yote ya mashine. Siku hizi hata simu za watoto wa shule zina viini vinane. Lakini hii yangu ina neema moja: walioitengeneza hawakuifunga, kwa hiyo unaweza kuipandisha mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani. Vijana wanaita kuovakloki.

"Sista, dual-core ni ya kutype barua ya chifu," Farhiya aliniambia mbele ya watu wote, wakacheka.

Mzee Abdirahim akadakia kutoka kaunta, "Afadhali wewe. Hii yangu ikifungua hesabu za duka ni kama ng'ombe anapanda mlima wa Manga."

Sikucheka. Nilimaliza shule mwaka juzi. Tangu hapo niko hapa Ikonge nachuma majani ya chai, nangoja chuo kiniite, na Baba yuko kazini Kericho, na kila siku inafanana na jana yake. Kiti hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokitaka kwelikweli. Watanitambua.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Stima imepotea tangu asubuhi. Nimechuma majani huku nikizitazama nyaya za stima kwa hasira.

Alhamisi, 12 Machi

Stima imerudi. Mwendo wa kuzaliwa wa prosesa yangu ni gigahezi tatu nukta mbili. Leo nimeipeleka tatu nukta sita na haikulalamika hata kidogo. Nilimpigia Mose kwa furaha.

"Panda pole pole," alisema. "Ukiongeza mwendo unaongeza na stima inayoingia, na joto linapanda. Halafu usiamini dakika tano. Iache ijaribiwe saa nyingi. Hizo vitu zinaweza kukukubalia mchana zikukatae jioni."

Nimefungua ubavu mmoja wa kasha ili feni ipate hewa, nikaisogeza dirishani. Watu wa mjini wananunua vifaa vya kupoza. Ikonge baridi ni ya bure.

Jumanne, 17 Machi

Tatu nukta nane.

Jumapili, 22 Machi

Nne kamili! Nilipiga picha ya skrini nikamtumia Farhiya. Alinijibu kwa picha ya kobe aliyevaa miwani. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili.

Jumatano, 25 Machi

Kuna kitu kinanisumbua. Nikitembea peke yangu ndani ya gemu, picha inateleza kama mafuta. Zaidi ya fremu tisini kwa sekunde, na Farhiya anadai sitini tu. Lakini vita vya mlangoni vikianza, wale kumi wakikutana, picha inakwama. Inaganda kabisa. Ikirudi, mimi nimeshakufa na watu wanaendelea na maisha yao.

Nimelaumu mtandao. Nimelaumu mvua. Nimebadilisha nyaya, nimepunguza urembo wote wa picha mpaka miti ya kule ndani inafanana na mabua. Bado inakwama palepale.

"Labda imechoka," Mama alisema akipita na sufuria.

"Mashine haichoki, Mama."

"Haya. Mimi nimesema labda."

Jawabu ni mwendo tu. Nne haitoshi, nitaipandisha zaidi.

Jumapili, 29 Machi

Nilienda Nyamira kumchukulia Mama dawa ya mgongo na nikamkuta Masese kwenye kaunta ya mamake. Aliuliza mashine inaendeleaje. Nikamwambia mwendo wangu. Akapiga mluzi.

"Yangu haifiki hapo hata kwa ndoto," alisema. "Iko chini ya tatu. Lakini ina viini vinne. Ukitaka uje uone venye inakaa kwa vita."

Eti nije nione. Anaongea kama mtu aliyeshiba tangu azaliwe, hainui sauti, hana haraka, anakunja mfuko wa dawa taratibu utadhani anafunga zawadi. Nilichukua dawa nikaondoka bila kuaga. Mvua ilinikuta njiani na sikujali.

Jumatatu, 6 Aprili

Nne nukta mbili. Bado inakwama kwenye vita.

Ijumaa, 10 Aprili

Ni lazima niandike haraka kabla jua halijazama, maana nyumbani kwetu Sabato ikiingia hakuna kalamu.

Leo nilifika nne nukta nne. Mose alisema mwendo huo haufai kuaminiwa bila jaribio refu, kwa hiyo niliwasha jaribio mchana, nikapanga kuizima kabla ya jua kuzama, nikabeba majani kwenda kituo cha kununulia. Lori la kiwanda lilikwama kwenye matope kule chini. Tukangoja. Nilikuwa naruka-ruka pale kwenye foleni mpaka karani akaniuliza kama nataka choo.

Niliporudi jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba. Mama ni shemasi kanisani, na Ijumaa jioni nyumba yetu huandaliwa kama bibi harusi: chakula cha kesho kimepikwa, sakafu imepigwa deki, na kila kitu kinachoongea kimefunikwa. Televisheni ina kitambaa chake, redio chake, hata mito ya viti ina vyake. Vyote Mama alivifuma mwenyewe kwa mkono, vyeupe, vya maua. Siku zote kompyuta nimeizima mwenyewe na kuifunika mwenyewe kwa shuka kuukuu. Leo sikuwepo. Mama akachukua kitambaa kikubwa kuliko vyote, kile cha waridi alichomwekea Mose kwa siku atakayooa, akaifunika mashine ikiwa inanguruma. Akakikunja pembeni, akakichomeka vizuri, kisipeperuke.

Nilisikia harufu nikiwa mlangoni. Feni ilikuwa imekivuta kitambaa ndani kupitia ule ubavu nilioufungua mwenyewe, ikakisokota mpaka ikashindwa kuzunguka.

"Imelia mchana kutwa," Mama alisema. "Sikujua pa kuizimia. Nikaona heri niifunike, nayo ipumzike."

Niling'oa waya ukutani. Nilimwambia, "Mama, umeiua!" Nilipiga kelele hata jirani alisikia. Mama akaenda kuchukua kitabu cha nyimbo. Sasa ananiita tuimbe wimbo wa kufungua Sabato na sijui nitaimba kwa mdomo upi.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika jua likiwa limezama tayari. Sijawahi kuishi siku ndefu kama hii.

Mashine ilikuwa pale mezani na kitambaa kikining'inia kama ulimi, na sikuruhusiwa kuigusa. Sikujua kama ni mzima au maiti. Kanisani nilitikisa mguu mpaka benchi zima likawa linatikisika, mama mmoja akaniwekea mkono gotini. Mhubiri alisema kuhusu pumziko. Niliona kama ananisema mimi. Mbele pale Mama alikuwa na gauni lake jeupe la ushemasi, anapokea wageni, anacheka nao, kama mtu ambaye hajakaripiwa na mtoto aliyemzaa.

Tulikula ndizi na mboga za chinsaga za jana. Nikatoka nje, nikaingia, nikatoka. Hatimaye Mama akaweka Biblia yake chini.

"Nyanchoka, unakumbuka ile Sabato ng'ombe alikwama na ndama?"

"Nakumbuka."

"Tulifanya nini?"

"Tulitoka kanisani tukavuta ndama."

"Sasa hiyo kitu yako imekwama ama haijakwama?"

"Imekwama, Mama."

"Basi ilete hapa kwa mwanga. Kuwasha utawasha jioni, hiyo ni kazi. Sisi tunatoa tu chenye kimekwama."

Akaenda kuleta ile sindano yake ya kufumia, yenye ndoano mbele. Aliketi mlangoni, feni mapajani, akaanza kuvuta uzi mmoja mmoja kutoka kwenye mhimili. Mimi ningekata kwa kisu nikavunja mapanga yote ya feni. Yeye aliuzungusha uzi ulikotoka, akaulegeza, akauvuta. Palipokaza sana alikata kitambaa chenyewe. Waridi baada ya waridi zilianguka sakafuni. Nilijua kazi iliyokuwa kwenye waridi hizo kwa sababu usiku mwingi nililala nikimwacha akizifuma.

"Mama, nisamehe kwa jana."

"Buya," alisema, kwamba ni sawa, na hakuinua kichwa. "Shika hapa, usivute."

Jioni niliiwasha. Iliwaka! Mose anasema prosesa huwa inajizima yenyewe ikizidiwa na joto, ndiyo maana haikufa. Lakini nne nukta nne haiiwezi tena. Inaanguka. Nne nukta mbili inashika. Nimekubali, na nimemkumbatia Mama mpaka akasema nitamvunja ule mgongo wenyewe unaotumia dawa.

Jumapili, 12 Aprili

Inashika, lakini kwenye vita bado inakwama. Sielewi, sielewi, sielewi.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua imeyapandisha majani kama wazimu. Wiki nzima Mama na mimi tumechuma kutoka kukicha, na mimi ndiye mwenye mikono ya mbio kuliko wote hapa, kila mtu anajua. Bado shamba la juu lilikuwa linatushinda. Tukimaliza mstari huu, ule wa kwanza umeshakomaa.

Leo ilikuwa zamu yetu ya egesangio, wale akina mama wanaosaidiana shamba kwa shamba. Walikuja na mong'ina Nyamusi, bibi mzee wao, mbele. Mwendo wao unaudhi. Nyamusi anachuma, anasimama, anauliza habari za mtu, anachuma tena. Nilimpita kwenye mstari wake mara mbili.

"We Nyanchoka, mbio ni ya nini?" alinipigia kelele. "Haya majani yana miguu?"

Wote wakacheka. Kufikia adhuhuri shamba lote lilikuwa limekwisha, la juu na la chini. Wakala chinsaga zote wakaenda.

Jumatano, 22 Aprili

Zimebaki siku kumi na moja. Nimepunguza hata sauti ya gemu nikidhani inasaidia.

Jumapili, 26 Aprili

Leo Farhiya aliita mazoezi ya mwisho kwenye ukumbi wake, kila mtu na mashine yake. Niliibeba yangu kwa kikapu cha kuchumia majani, nimeizungushia blanketi. Kisii ilikuwa na jua, ukumbi ni wa mabati, watu walikuwa wamejaa na wanapumuliana. Nikajua nimekosea kabla hata sijachomeka waya. Mwezi na nusu nimeipima mashine dirishani Ikonge, kwenye baridi ya mvua! Ilianguka mara mbili kabla mchezo haujaanza. Masese alileta feni ya mezani akaielekeza kwenye mashine yangu bila kuombwa. Sikumshukuru. Ikashika.

Nilicheza vizuri. Nasema kweli, nilicheza vizuri sana, nilikuwa naona adui anapotokea kabla wengine hawajaona, na Farhiya alisema "eeh!" kwa sauti. Kisha tukafika mlangoni. Kumi tukakutana. Picha ikaganda.

Iliporudi tulikuwa tumeshindwa.

"Mwendo uko juu," nikasema, nikawaonyesha namba kwenye skrini. "Oneni. Nne nukta mbili. Hakuna mashine hapa ndani iko hapo."

Farhiya alikuja akainama nyuma yangu. Hakuwa na kejeli safari hii, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwendo nauona, Nyanchoka," alisema. "Picha ndiyo siioni."

Nilifungasha blanketi langu. Nyumbani nimemwambia Mama kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimechuma mpaka vidole vimekuwa vyeusi.

Jumanne, 28 Aprili

Leo egesangio ilikuwa kwa mong'ina Nyamusi mwenyewe, na nilienda badala ya Mama. Shamba lake ni dogo lakini lina mteremko. Nilikuwa nimenuna, nachuma kwa nguvu, na sikuwa na mtu wa kushindana naye kwa sababu hakuna aliyekuwa anashindana. Ghafla nikasimama katikati ya mstari na majani mkononi.

Mama na mimi, wawili wenye mbio, shamba letu lilitushinda wiki nzima. Hawa wanaokwenda kama konokono walilimaliza asubuhi moja. Si kwa sababu ni hodari. Ni kwa sababu ni wengi, na kazi ilikuwa imeiva mahali pote kwa wakati mmoja.

Vita vya mlangoni ni hivyohivyo! Nikitembea peke yangu kwenye gemu kazi ni ndogo, vibarua wawili wa mbio wanatosha na kubaki. Watu kumi wakikutana, kila mmoja ana upanga, moto, kivuli na sauti, kazi yote inaiva pamoja, na vibarua wawili, hata uwachape viboko, watafanya moja na kuacha nyingine. Hapo ndipo picha inaganda. Hata nikifika nne nukta nane itaganda. Masese alinieleza jambo hili kwenye kaunta ya mamake mwezi uliopita, nami nikamwacha na maneno yake.

"Umeona nyoka?" Nyamusi aliniuliza.

"Hapana, mong'ina. Nimeona ujinga wangu."

"Huo hauumi. Chuma."

Alhamisi, 30 Aprili

Sikulala vizuri kwa wazo lililonijia, na asubuhi nilikuwa Kisii na mashine yangu kikapuni duka likifunguliwa. Kompyuta ya kaunta ya Mzee Abdirahim, ile inayopanda mlima wa Manga, ni ya ofisi, iliyotumika ng'ambo. Ubavuni ina kibandiko. Nilikuwa nimekiona mara mia bila kukisoma. Prosesa yake ni ya ukoo uleule wa yangu, inakaa kwenye soketi ileile, mwendo wake ni mdogo, mbili nukta tisa, na imefungwa, haipandishwi. Lakini ina viini vinne. Vinne! Vimekaa pale miaka vikitoa risiti.

"Mzee, shikamoo. Naomba tubadilishane prosesa."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Hesabu zako ni kazi ya mtu mmoja. Yako ina watu wanne wa polepole, watatu wanakaa bure. Yangu ina wawili wa mbio."

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Yako ina mbio kweli?"

"Ina mbio kuliko yako."

"Basi nipe mbio, mimi nimezeeka."

Farhiya alisimama mlangoni akiwa amejifunika mdomo kwa mtandio, akamwambia babake: "Aabo, si nilisema hiyo ni ya kutype barua?" Na safari hii nilicheka nao, ingawa kwa shida. Kuitoa ile prosesa yangu kwenye bodi kulinichoma. Nimeipandisha nukta baada ya nukta, nalijua joto lake kama la mtoto. Kwenye bodi ya Mzee haikuruhusiwa kupanda, ikarudi tatu nukta mbili, mwendo wake wa kuzaliwa, na bado hesabu zilifunguka kabla Mzee hajamaliza kukaa. Alizifunga akazifungua tena kwa raha tu.

Jumapili, 3 Mei

Nimekaa nyuma ya nyumba karibu na zizi kwa sababu sitaki Mama anione uso.

Farhiya alipanga michezo miwili. Wa kwanza mimi na timu yake ya wanne, wa pili Masese na walewale. Mashine yangu ilikuwa tulivu. Haikupata joto, haikuanguka, hata feni ya mezani Masese aliponiletea tena nilimrudishia na nikamwambia asante, ya leo na ya siku ile. Alishtuka kidogo.

Tulifika mlangoni. Kumi tukakutana. Na picha haikuganda.

Niliona kila kitu. Niliona moto wote, panga zote, vivuli vyote vikienda mahali pake. Sijawahi kuona vita hivyo mpaka mwisho tangu nianze kucheza gemu hii. Nilikuwa nikiviona mwanzo, halafu naona maiti yangu. Nilishangaa kama mgeni, na nikiwa nimeshangaa hivyo nikafa wa kwanza. Tukarudia, maana Farhiya huwapa watu nafasi mbili. Nikafa wa kwanza tena.

Kisha Masese akaketi. Mikono yake haikuwa na mbio. Alikaa ndani ya vita kama anavyokunja mifuko ya dawa, hili kwanza, kisha hili, na alipobaki peke yake na adui wawili hakupiga hata kelele. Walishinda. Mimi niliyemwita mtu aliyeshiba nilisimama nyuma yake na kuona kwamba anajua anachokifanya.

Farhiya alinivuta hadi dukani, kati ya majora ya vitambaa.

"Kiti nimempa Masese."

"Najua."

"Unajua kwa nini? Vita ikianza, mkono wako unatoka kwa mausi. Nimekuangalia mara zote mbili. Unauinua hivi." Akauinua wake hewani, vidole wazi. "Unacheza kama mtu anangoja skrini ikwame."

Sikuwa nimejua. Miezi yote hiyo nimeilaumu mashine kwa kukwama, na mkono wangu ulikuwa umeshajifunza kukwama pamoja nayo.

"Kisumu wanataka mtu wa akiba," aliendelea. "Kuja mazoezi Jumapili."

Nilimwambia mimi si wa kukaa benchi. Nikabeba kikapu changu. Nililia pale nyuma ya soko, na ninaandika hivyo wazi kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuliandika.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Nimeshangilia stima ilipopotea.

Jumatano, 6 Mei

Mama aliuliza, "Ilikwama?"

"Haikukwama, Mama. Mimi ndiye nilikwama."

"Na wewe tukutolee na sindano?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Jioni Mose alipiga simu akitaka kujua mwisho wa ubishi wetu, kama viini viwili vya bei ya chini vinafaa gemu. Nikamwambia vinafaa gemu za zamani, na kutembea peke yako, na duka la Mzee Abdirahim. Ukivipandisha mwendo utapata namba nzuri ya kumtumia mtu picha. Mlangoni, watu kumi wakikutana, havifai.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua imepungua. Majani nayo yamepunguza kiherehere.

Mchana nilicheza mchezo mmoja. Vita vilipokaribia niliuona mkono wangu unaanza kupanda, nikaurudisha kwa ule mwingine, kwa nguvu, kama unavyomzuia ndama. Nilikufa wa tatu. Mara ya pili ukapanda kidogo tu. Nikamtumia Farhiya ujumbe: Jumapili nakuja, hata kama ni benchi. Alijibu kwa kobe yuleyule mwenye miwani, lakini safari hii alikuwa anakimbia.

Kabla ya jua kuzama niliizima mashine mwenyewe na kwenda kutafuta shuka langu kuukuu. Mama alikuwa ameshalitoa. Alikuwa amesimama mbele ya meza na kitambaa kipya, cheupe, waridi zilezile. Sikujua alikifuma lini. Nadhani ni kwenye saa zile nilizokuwa nikitoka na kuingia bila kumtazama mtu. Alikitandaza, akakivuta huku na huku, akapiga hatua nyuma kukiangalia.

Ubavuni, palipo na feni, alikuwa ameacha tundu la mviringo, akalishona ukingo wake vizuri lisifumuke.

"Hata ukichelewa kwa majani," alisema, "sasa itapumua."

Niliweka kiganja changu kwenye lile tundu. Limeenea kwenye feni sawasawa, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Alipima kwa macho tu. Ananiita tukaimbe.